Chiriku Harefuki

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari,
Jumapili mchana.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, mjomba wako, mkewe na wale pacha wao watundu. Mjomba aliniambia kwenye simu kwamba una kikohozi kisichosikia dawa. Nilicheka kidogo, maana mtu anayeuza dawa kutwa kucha kukohoa mwezi mzima ni kama mimi fundi cherehani kupita barabarani na pindo limefumuka. Pole hata hivyo. Uniambie kama kimekwisha.

Sisi hapa ni wazima. Mguu wangu unaokanyaga cherehani huuma asubuhi, ukishapata moto unatulia. Baba yako analalamikia macho, mama yako mgongo, na wote wawili wanalalamikia redio yangu. Msimu wa sare za shule umepita, sasa naletewa kazi za kupunguza viuno tu, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kwa kirefu.

Najua hupendi chochote kitokacho katika nyumba hii. Sijatumwa na mtu. Naandika kwa hiari yangu, nimekaa kitandani na mlango nimeurudishia. Ukitaka kuichana barua hii, ichane ukishafika mwisho.

Mjomba wako si mtu wa kubeba maneno, lakini nilimbana mpaka akasema. Alinieleza kwamba siku moja mliingia pamoja duka la vitabu kuwanunulia pacha madaftari, ukakiona kimoja cha vile vitabu vya picha vya wazazi wako, vitabu vya Chiriku. Ukakipekua chote ukiwa umesimama. Kisha ukakirudisha mahali pake, ukakinyoosha vizuri, ukamwambia mjomba: "Wamepata mtoto wa karatasi. Wamempa jina langu la nyumbani, uso wangu, mpaka kovu langu la juu ya jicho. Basi awatoshe." Mjomba anasema hukupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtia hofu, na mimi pia.

Sitakuambia umekosea kukasirika. Ningekuwa mimi ningekirarua hapohapo halafu nikakilipia. Lakini kuna jambo limetokea hapa ambalo hulijui, na nikikaa nalo kimya nitakuwa nimewakosea watu watatu kwa mpigo.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Habari ya siku tulipoondoka umeisikia kwa upande wa bibi yako, Mungu amrehemu. Kwa upande wetu ilikuwa hivi. Lori lilikuwa juu sana na bibi hakuweza kulipanda, nawe hukukubali kubanduka ubavuni mwake, ikaamuliwa mje na basi la nyuma tukutane ng'ambo ya mpaka. Basi halikuja. Njia ilifungwa nyuma yetu siku ileile. Mama yako alikaa pale wanapoingilia watu, akichungulia kila gari, mpaka askari wakatupandisha kwa nguvu kwenda kambini. Ulikuwa hujatimiza miaka sita.

Barua tulizoandika zilirudi. Watu tuliowatuma walirudi mikono mitupu. Ulipokuja kupatikana kwa mjomba ulikuwa na miaka kumi na minne, na siku ile ya simu uliisikiliza sauti ya baba yako, kisha ukamrudishia mjomba simu bila neno. Baba yako akasema usilazimishwe, ukitaka utapiga mwenyewe. Hukupiga. Wao wakadhani wanakuheshimu. Wewe, nadhani, ukaona wamekata tamaa nawe mapema mno. Mko watatu wenye vichwa vigumu, na mimi niko katikati yenu na pini mdomoni.

Sasa vitabu. Vilianzia kambini, na havikuanza kama vitabu. Baba yako, kama unakumbuka, alikuwa mchora mabango ya vinyozi na maduka ya nyama. Mama yako alikuwa akitarizi vitambaa vya meza. Kambini watoto walikuwa wengi na hapakuwa na cha kuwashughulisha. Mama yako akaokota boksi la biskuti, akalikunja kurasa kurasa, akachora kwa mkaa njia, ukuta na mlango. Baba yako akamweka mtoto kwenye hiyo njia. Mtoto mwenyewe alikuwa wewe. Hawakushauriana, alitoka tu hivyo. Watoto wakamuuliza anaitwa nani, mama yako akasema Chiriku, jina ulilokuwa ukiitwa wewe kwa sababu mdomo wako ulikuwa haupumziki. Lile boksi lilipitishwa mkono kwa mkono mpaka likalainika kama kitambaa.

Hapa mjini wanafanya kazi kwenye meza moja, baba yako upande wa dirisha na mama yako upande wa ukuta. Mama yako hawezi kuchora watu, watu wake wote wanafanana na mito ya kulalia. Baba yako hawezi kuchora kitu kilichosimama wima, nyumba zake zinapepesuka kama zimetoka kilabuni. Kwa hiyo mama yako huchora dunia na baba yako huchora walioko duniani. Yeye huchora watu wake kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, anailaza juu ya ukurasa wa mama yako, wanaisogeza huku na huku mpaka mtu akae mahali pake. Wakati huo hawaongei. Ukiwasalimia asubuhi wanaitikia jioni.

Baba yako alikuwa na kawaida moja. Kabla ya kumchora Chiriku husimama, anaacha mkono uning'inie, anakunjua kiganja kikitazama chini, kando ya paja. Anakitazama kidogo kile kiganja, halafu anakaa na kuchora. Mimi nilidhani ni mgongo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwambia akasuguliwe kwa mafuta.

Siku hizi wana jina kidogo. Waandishi wa magazeti huja na kamera zao. Wanataka kujua tulikimbiaje, nani alikufa, kambini tulilala wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama yako anatumia brashi gani kwenye majani, wala kwa nini bluu yake haipauki. Wanapenda sana kumpiga baba yako picha akitazama nje kwa huzuni. Nje ya dirisha letu ni ukuta wa gereji. Ile huzuni wanayoipiga picha ni jua linalomchoma macho.

Vitabu vya Chiriku sasa ni vitano. Chiriku ameenda sokoni, amenyeshewa na mvua, ameanza shule, ameng'oka jino, amepata mdogo wake. Huyo mdogo ni mtoto wa jirani wa chini, baba yako alimchora akimwangalia anavyotambaa. Wao wenyewe hawakuzaa tena. Watu waliwashauri sana, mama yako akawa anasema ana mtoto, yuko njiani.

Mwezi uliopita walialikwa kusoma kwenye maktaba ya watoto. Niliwasindikiza kwa sababu mama yako hawezi kubeba picha kubwa na begi kwa pamoja. Watoto walikaa chini, mama yako akaonyesha picha, baba yako akasoma kwa ile lafudhi yetu ambayo watoto wa hapa wanaiona tamu. Mwisho wakaruhusiwa kuuliza. Wakauliza yale yao ya kawaida, mbwa anaitwa nani, rangi ilimwagika mara ngapi. Halafu akasimama msichana mmoja mrefu, sketi yake ilihitaji kushushwa pindo tangu muhula uliopita. Akasema alianza kusoma Chiriku akiwa chekechea na sasa yuko darasa la nne. Akauliza, "Mbona Chiriku harefuki? Anaumwa?"

Watu wazima wakacheka. Mhariri wao, yule mama wa kampuni inayochapa vitabu, alicheka kuliko wote. Mama yako akaanza kukusanya picha ingawa muda ulikuwa bado.

Mhariri ni mtu makini, hana ubaya. Wiki iliyofuata alikuja hapa na vitabu vyote, akavipanga mezani, kila kimoja kimefunguliwa pale Chiriku anaposimama kando ya meza ya kwao. Katika cha kwanza, utosi wake uko sawasawa na ukingo wa meza. Cha pili vilevile. Cha mwisho anasoma shule, meno ya mbele ameshabadilisha, ana mdogo wake anayetambaa, na utosi bado uko sawasawa na ukingo wa meza. Mhariri alidhani ni ufundi wa kisanii, akauliza kwa upole maana yake nini. Wazazi wako waliviangalia vile vitabu kama mtu anayesikia sauti yake kwenye kinasa kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wanajua. Nakuapia mwanangu, hawakuwa wanajua. Na mimi ninayeishi kwa kupima watoto wa watu nilivisoma vyote vikiwa bado vibichi, sikuona kitu.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kiganja. Pale kando ya paja ndipo utosi wako ulipokuwa ukifika, siku ulizokuwa ukitembea naye umemshika mfuko wa suruali.

Mhariri hakuelezwa hayo. Yeye shida yake ilikuwa kitabu cha sita: Chiriku ametimiza miaka kumi, anapata baiskeli, anakwenda nayo shule. Wakakubali haraka haraka, kama watu waliokutwa wakificha jambo.

Mama yako alifanya sehemu yake bila tabu. Alichora barabara, kona, daraja dogo, na baiskeli nyekundu ambayo ukitaka unaweza kuhesabu njiti za magurudumu. Baba yako akampandisha Chiriku. Miguu ikaning'inia, haikufika kwenye pedali. Akafuta, akampandisha tena. Ikaning'inia. Mara ya tatu mama yako akamhurumia, akachora baiskeli ndogo. Wakaitazama wote wawili, wakaona haya, mama yako akaichana.

Ndipo baba yako akaja kwangu kuazima futi ya kupimia. Akaniuliza msichana wa miaka kumi ana urefu gani, mkono kiasi gani, kutoka kiunoni hadi kisiginoni kiasi gani. Nikampa vipimo, hivyo ndivyo vitu ninavyovijua. Akachora kwa kuvifuata. Msichana akatoka safi kabisa, mguu umekanyaga pedali, mgongo umenyooka, kovu lipo. Nikamsifu kwa dhati. Akaitazama ile picha, akasema, "Huyu simjui." Akaifunika uso chini.

Tangu hapo hajagusa penseli. Anashinda dukani chini, anampakia mwenye duka ubao wake rangi upya, herufi tupu. Mama yako anaendelea peke yake. Mezani kuna rundo la kurasa, na katika kila ukurasa ile baiskeli nyekundu imesimama katikati ya njia bila mtu, haijaegemea kitu na haianguki. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku niliyozipitia nilirudi kwenye cherehani nikaunga mkono wa shati la watu kwenye tundu la shingo. Mwenye shati alinisema sana, na alikuwa na haki.

Mhariri atasubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. Ikishindikana atampa mchoraji mwingine amalizie upande wa watu, na mkataba unamruhusu. Ni kijana hodari, ameshaletwa hapa kumwamkia baba yako. Atamchora Chiriku mrefu na mzuri, tena kwa siku chache tu. Baba yako anasema sawa. Mama yako anaosha brashi zilizokwisha kuoshwa. Wakiliachia hilo, watakuwa wamekubali kwamba huyo msichana aliyekua hawatamjua mpaka wanaingia kaburini. Inaniuma, na nimechoka kujifanya hainiumi.

Ulisema wamepata mtoto mwingine. Hawakupata. Wangepata mwingine, angekua.

Sikuombi uje. Sikuombi uwasamehe, hiyo ni kazi yako na muda wako. Nakuomba unieleze mimi shangazi yako ulivyokuwa ulipofika miaka kumi. Nywele ulisukwa vipi, na ulisukwa na nani. Ulikuwa mwembamba au ulijaza nguo. Ulitembea haraka kama mama yako au uliburuta viatu kama baba yako. Ulipocheka ulifunika mdomo au ulimwachia kila mtu aone meno. Kuna picha? Hata ile uliyopigwa umenuna inanitosha. Ukitaka niione peke yangu, sema, nami nitajitahidi kuufunga mdomo wangu, ingawa unajua chiriku wa ukoo huu hawakuanzia kwako.

Na kama jibu ni hapana, niandikie hapana. Nitaipeleka mezani kwao kama ilivyo, bila kuipamba. Hata hapana yako itakuwa imetoka kwa mtu mzima, na huyo ndiye wasiyemjua.

Nisalimie sana mjomba wako, umwambie simkasirikii wala hajavujisha siri, nilimkamua. Msalimie mkewe aliyekulea pamoja naye baada ya bibi. Naomba umshike mkono kwa niaba yangu, maana shukrani yake sijui nitaiweka wapi. Wabusu pacha. Mkipita kaburini kwa bibi, mpalilie. Mwenyezi Mungu akufunike uendako na urudipo, akupe wateja wapole na usingizi mzuri.

Nilikuwa nataka kutia jina langu hapa, mama yako akaingia kuchukua mkasi. Sikuwahi kuificha karatasi. Akaniomba kwa mkono tu, nikampa. Alikaa kando yangu kitandani akaisoma tangu juu, vidole vimemkauka rangi ya kijani. Alipofika kwenye maneno yako ya dukani alirudia mara mbili. Nilingoja anigombeze, hakunigombeza. Akanirudishia barua, akasema nisifute chochote, ila niongeze swali moja lake.

Anauliza kama uliwahi kuwa na baiskeli. Anasema kama hukuwahi, usione taabu kusema. Zile kurasa zote atazichana, aanze upya, achore ulichokuwa nacho.

Ni mimi nikupendaye ukijibu na usipojibu,

Shangazi yako.